Sensa mbili zilizokataa: mchomoko na kidole gumba, Kigoma

Mwenye gari katika kisa hiki ni mama mtengeneza sabuni wa Kigoma Ujiji. Ananunua mawese, anayapika na kostiki soda, anakata miche na kuisambaza madukani Mwanga na Mwandiga. Faida ya sabuni ndiyo iliyonunua mchomoko, gari dogo la abiria ambalo amempa kijana aliendeshe kati ya Kigoma na Kasulu na kumletea hesabu kila jioni. Majina nayaacha, kwa kuwa kisa chenyewe hakiyahitaji.

Ndani ya wiki moja mama huyu alikwamishwa na vifaa viwili vya kupimia, yaani sensa, visivyojuana. Kimoja kimo ndani ya bomba la moshi la gari lake, kingine kilikuwa mkononi mwa wakala wa laini za simu. Kila tatizo likitazamwa peke yake ni la kawaida, na kila mtu Kigoma ana la kwake la namna hiyo. Yakiwekwa pamoja yanaonyesha jambo lisilopendeza: gari lilipimwa kwa haki kuliko mwenye gari.

Dereva ndiye aliyeanza kulalamika. Gari linakula mafuta, alisema, na likianza kupanda kutoka Mwandiga linachoka mapema. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na njia ya Kasulu inapanda kutoka hapo, kwa hiyo injini yenye tatizo haiwezi kujificha kwenye barabara ile. Kisha ikawaka taa ya njano, ile ya cheki injini.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine ya dayagnosi. Ikatoa P0171. Maana yake, kwa lugha ya gereji, ni kwamba kompyuta ya gari inaona hewa ni nyingi na petroli ni kidogo. Fundi akasoma, akachomoa waya, akatoa hukumu: sensa ya oksijeni imekufa, iagizwe Dar. Hakufungua plagi wala kupita nyuma ya gari kuangalia mdomo wa ekzosi. Hili la namba moja kugeuka kuwa spea moja limekuwa mazoea, na wenye magari wanalilipia bila kujua. Namba ile haisemi kipi kimekufa. Inasema kompyuta imeona nini, basi.

Bei ya sensa ilikuwa sawa na hesabu ya siku kadhaa. Hela ilikuwapo, ila ilikuwa kwenye simu. Na simu, siku ileile alipopita stendi kuongea na dereva, ikaibwa.

Hapo ndipo kisa kinapoingia kwenye kidole. Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019, ikaweka mwisho wa mwaka ule kuwa kikomo, kisha ikasogeza hadi 20 Januari 2020. Tangu hapo, kurudisha laini iliyopotea kunataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kidole kinacholingana na kile kilichochukuliwa mtu alipojiandikisha. Utaratibu huu una sababu nzuri. Mwizi anayeweza kuirudisha laini yako kwenye simu yake amekuwa mwenye akaunti yako ya fedha, na kabla ya kidole kilichotakiwa kilikuwa maneno tu na nakala ya kitambulisho. Simlaumu wakala, wala simlaumu aliyeweka sharti. Ninachokichambua ni kilichotokea sharti lilipokutana na mkono wa mpika sabuni.

"Mama, weka gumba hapo." Akaweka. Kioo kidogo kikawaka, kikazima. Haikufanikiwa.

"Futa mkono, mama." Akafuta kwa kanga. Haikufanikiwa.

"Bonyeza kwa nguvu kidogo." Akabonyeza. Kidole cha shahada nacho kikajaribiwa, cha kulia. Hapana.

Foleni ilikuwa nyuma yake. Mtu mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba labda laini si yake. Kifaa kinachosema "sijaona vizuri" na kifaa kinachosema "wewe siye" vinatoa jibu lilelile kwenye kioo, na watu wanaosubiri huchagua tafsiri mbaya zaidi. Mama akamjibu wakala, si yule wa foleni: "Mwanangu, hiki kidole nimezaliwa nacho." Wakala akainamisha kichwa. Alikuwa ameshafika mwisho wa anachoweza kufanya. Mashine yake haikumwambia kama picha ilikuwa hafifu, kama ngozi ilikuwa kavu, au kama picha ilikuwa safi na michoro ndiyo haikulingana. Haya ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Turudi kwa gari, maana gari lilipata bahati. Hela ikiwa imefungwa kwenye laini, sensa haikuweza kuagizwa. Dereva akaona asikae bure, akalipeleka kwa fundi mwingine, mzee wa umeme wa magari maeneo ya Gungu.

"Mzee, sensa imekufa, tunasubiri hela ya bosi."

"Nani kakwambia imekufa? Si inasema hiyo? Maiti haisemi."

Ili kuelewa jeuri ya jibu hilo inabidi kujua sensa ile inafanya nini hasa. Haioni moshi, haioni petroli. Inalinganisha oksijeni ya pande mbili: upande mmoja ni moshi ulio ndani ya bomba, upande wa pili ni hewa ya nje. Katikati kuna kauri ya zirkonia iliyopakwa platinamu pande zote. Ikipata joto la kama nyuzi 300 za Selsiasi na kuendelea, kauri hiyo inapitisha ayoni za oksijeni, na tofauti ya oksijeni kati ya pande mbili inazaa umeme mdogo. Kanuni inayounganisha tofauti hiyo na volti ilitolewa na Walther Nernst, Mjerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Bosch wakaifanya kuwa kifaa cha gari, na mwaka 1976 Volvo wakawa wa kwanza kuuza magari yenye sensa hiyo, yakienda Marekani. Moshi ukibaki na oksijeni nyingi, volti inashuka hadi karibu 0.1. Oksijeni ikiwa imeisha, inapanda hadi karibu 0.9. Kontroli boksi, yaani ile kompyuta ya gari, inaangalia volti ikivuka kwenye 0.45, juu na chini, na inaongeza au kupunguza petroli ili ibaki karibu na gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Katika uwiano huo ndipo masega, yale yanayosafisha moshi, yanapofanya kazi yake vizuri.

Kwa hiyo sensa ikisema "oksijeni nyingi," imesema hilo tu. Haijasema oksijeni hiyo imetoka wapi.

Mzee alianza na macho. Mdomo wa ekzosi ulikuwa mweusi tii, masizi yanashika kidole. Akatoa plagi moja: nyeusi vilevile. Hapa kuna mgongano ambao fundi wa kwanza angeuona kama angeinama. Injini inayokosa petroli haitoi masizi. Kompyuta inalia njaa huku injini imevimbiwa. Mmoja wao anadanganywa.

Akachomeka mashine yake, lakini hakuishia kwenye namba ya kosa. Alifungua ukurasa wa vipimo vinavyotembea. Volti ya sensa ya mbele ilikuwa imelala chini, na kompyuta ilikuwa imeongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 20 kujaribu kuiamsha. Akapuliza dawa ya kusafishia kabureta, inayoungua kama petroli, kidogo kwenye njia ya hewa. Volti ikaruka hadi 0.8 na zaidi, mara moja, kisha ikashuka tena. Sensa mfu hairuki. Sensa ilikuwa nzima na ilikuwa inasema ukweli mtupu: mahali ilipo, oksijeni ilikuwa nyingi.

Injini ikapozwa. Mzee akaweka mpira wa kompresa kwenye mdomo wa ekzosi, akaziba pembeni kwa tambara, hewa ikaingia kinyumenyume. Akataka maji ya sabuni. Dereva alikuwa na mche wa bosi wake kwenye buti, wa kupeleka dukani Kasulu, basi wakakata kipande chake na kukikoroga kwenye ndoo. Walipomwagia kwenye maungio ya manifodi, inayokusanya moshi wa silinda zote, na bomba, povu likachemka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Gasketi ilikuwa imeungua na flanji, ule ukingo wa chuma wa kuungia bomba, ilikuwa na ufa.

Wengi hushangaa kwamba tundu la ekzosi linaingiza hewa. Moshi si unatoka kwa nguvu? Unatoka kwa nguvu, lakini kwa mapigo. Kila silinda inasukuma, na nyuma ya kila wimbi presha ndani ya bomba inashuka kwa muda mfupi mno chini ya ile ya nje. Katika muda huo ufa unanyonya. Hewa hiyo inafika kwenye sensa ikiwa haijapita kwenye injini kabisa, sensa inairipoti kwa uaminifu, kompyuta inaamini injini ina njaa, inamwaga petroli. Dereva akakumbuka kuwa asubuhi injini ikiwa baridi gari lilikuwa na mlio wa tiki-tiki unaopotea likishika moto. Alidhani ni tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Kumbe ni ufa ule: chuma kikipata joto kinatanuka na kuubana.

Kama hela ingekuwapo, sensa mpya ingefungwa na ingesema maneno yaleyale. Laini iliyogoma ndiyo iliyookoa hela ya sensa. Sisemi hivyo kuutetea utaratibu wa kidole. Bahati haihesabiwi kuwa sifa ya mfumo.

Mzee aliongeza onyo moja ambalo mafundi wa ekzosi wangelibandika ukutani: wakati wa kurudisha gasketi, wasitumie ile gundi ya silikoni ya kawaida kwenye sehemu iliyo kabla ya sensa. Mvuke wa silikoni unaipaka kauri na kuiua pole pole, na hapo utakuwa na tatizo la kweli. Zamani muuaji mkubwa wa sensa na masega alikuwa risasi ya madini iliyochanganywa kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, ikaiacha 2021. Gundi ya duka la spea bado ipo.

Sasa kidole. Nasema kidole cha mama kilikuwa kama ile sensa: chenyewe hakikuwa na kosa. Kostiki soda ni alkali kali, na alkali kali inayeyusha keratini, ambayo ndiyo ngozi ya juu. Mtu anayekoroga sabuni mikono mitupu, kisha anaikata ingali mbichi, anasuguliwa mistari ya vidole siku kwa siku. Saruji inafanya hivyohivyo kwa wajenzi, na kamba za nyavu na chumvi vinafanya namna yake kwa wavuvi wa Kibirizi na wafanyakazi wa chumvi Uvinza. Unapotazama orodha hiyo unaona kwamba kifaa kinawakataa zaidi watu wanaoishi kwa mikono yao.

Lakini mchoro haujafutika. Ulianza kuchorwa mtu akiwa bado tumboni mwa mamaye, kabla mimba haijafika mwezi wa sita, na mzizi wake uko kwenye ngozi ya ndani. Daktari Henry Faulds, Mskoti aliyefanya kazi hospitalini Tokyo na kuchapisha hoja yake ya alama za vidole kwenye jarida la Nature mwaka 1880, alijaribu pamoja na wanafunzi wake kuikwangua mistari ya vidole vyao. Ikaota tena vilevile. Ngozi ya juu inajibadilisha kwa takriban mwezi. Kwa hiyo aliyekuwa na kidole mwaka wa kusajiliwa bado anacho, chini kidogo ya pale kioo kinapotazama.

Na kioo kinatazama nini? Kifaa cha aina ile kinamulika kioo kutoka chini. Mahali mstari wa ngozi unapogusa kioo, mwanga unapotea. Penye bonde unarudi. Picha ya mchoro inatoka hapo. Ngozi kavu na laini haigusi vizuri: mistari inakatika vipande, na kila mahali inapokatika panaonekana kama mwisho wa mstari. Programu inatafuta hasa miisho ya mistari na mahali inapogawanyika, inalinganisha mpangilio wake na uliohifadhiwa, inatoa alama. Alama ikivuka kizingiti, ndiyo. Isipovuka, hapana. Kama kwenye ekzosi, kilichosomwa kilikuwa cha kweli, isipokuwa kilikuwa habari ya ngozi ya juu, na swali lilikuwa habari ya mtu.

Kwa nini wasishushe kizingiti? Kwa sababu ukikishusha ili mama apite, unampunguzia kazi mwizi. Makosa haya mawili, kumkataa mwenyewe na kumkubali mgeni, yanakwenda kinyume: ukibana moja, jingine linalegea. Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake huko Yokohama walitengeneza vidole vya jelatini, vitu vya jikoni, vikapita kwenye visomaji vingi walivyovijaribu. Mwaka 2005 nchini Malaysia wezi walimkata kidole mwenye gari lililowashwa kwa alama ya kidole. Hofu ya mtengeneza mfumo si ya kubuni.

Hata hivyo kuna jambo la kuzingatia. Mama alikuwa ametoa namba yake ya NIDA. Mfumo haukuwa unamtafuta kati ya mamilioni. Ulikuwa unauliza kama huyu ndiye yule mmoja. Katika swali la namna hiyo kuna nafasi ya kuongeza ushahidi mwingine bila kugusa kizingiti: vidole vinane vilivyobaki, kwa kuanzia. India, iliyoandikisha watu kwa vidole kumi na mboni mbili tangu 2010, ilikutana na vibarua wasiosomeka na ikaweka utaratibu wa kumpima mtu ajue ni kidole chake kipi kinachosomeka vizuri zaidi, ili akitumie hicho siku zote. Kuna visomaji vya mwanga wa rangi nyingi vinavyopiga picha chini kidogo ya ngozi ya juu. Kuna vya mishipa ya kiganja au kidole, walivyoviendeleza Fujitsu na Hitachi, vinavyotumia mwanga usioonekana ambao hunyonywa na damu iliyokwisha kuacha oksijeni yake. Inafurahisha kwamba hapo sensa ya mtu na sensa ya gari zinakutana kwenye gesi ileile.

Lakini tatizo la kibandani halikuhitaji mishipa wala mboni. Lilihitaji kile alichokuwa nacho mzee wa Gungu: ukurasa wa vipimo vinavyotembea. Yeye alipewa volti, joto, kiasi cha petroli, akapewa na haki ya kutoamini. Mtu akikuambia sensa imekufa unaweza kuijaribu, kuichokoza, kutazama moshi kwa macho yako. Hata viwanda vilivyodanganya vilikamatwa kwa njia hiyo: ujanja wa Volkswagen wa kuficha moshi wa magari ya dizeli, uliotangazwa Septemba 2015, uliibuka baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia kubeba vipimo vyao ndani ya gari na kupima moshi barabarani, nje ya maabara. Gari lina mashahidi wengi. Mama alikuwa na shahidi mmoja, kioo, na kioo hakikuulizwa swali la pili. Wakala angeambiwa tu "picha ni hafifu, jaribu kidole kingine cha mkono wa kushoto," foleni ile isingepata la kusema.

Kilichomsaidia hatimaye kilikuwa cha kawaida kabisa. Jirani yake ambaye ni muuguzi alimwambia aache kukoroga sabuni kwa muda, ampe binti yake mwiko, na apake mafuta mikononi asubuhi na jioni. Alipokwenda duka kubwa la kampuni ya simu mjini, dada wa kaunta hakuanza na gumba. Alimwuliza kwanza kazi yake, kisha akamwomba kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kikapita mara ya kwanza. Mkono wa kushoto ndio unaoshika sufuria. Wa kulia ndio unaokoroga.

Hela ikatoka. Ikalipa gasketi, kazi ya kuchomelea flanji na kufuta namba ya kosa. Petroli ya ziada ikashuka hadi asilimia tatu au nne, na taa haijarudi.

Yamebaki mawili. Kwanza glavu: mama amenunua, na anasema zinateleza kwenye mwiko, kwa hiyo anazivaa anapokata miche tu. Pili masega. Injini iliyomwagiwa petroli kwa wiki kadhaa inapeleka mafuta mabichi kwenye masega na kuyachosha, na wanunuzi wa masega wanapita gereji za Kigoma wakitoa bei nzuri kwa ajili ya platinamu iliyomo. Dereva alishaletewa ofa. Mzee akamwambia arudi baada ya mwezi, waangalie volti ya sensa ya nyuma, ile iliyo baada ya masega: ikitulia, masega ni mazima, ikianza kurukaruka kama ya mbele, watazungumza. Mpaka hapo asimruhusu mtu aingie chini ya gari na msumeno.